Vitabu Vipo, Njia Hakuna: Kisa cha British Library, Oktoba 2023

Jumamosi tarehe 28 Oktoba 2023, saa 1:35 asubuhi, mtumishi mmoja wa kitengo cha teknolojia cha British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, alijaribu kuingia kwenye mtandao wa kazini akashindwa. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba si yeye tu. Tovuti ilikuwa imezimika, katalogi imezimika, simu za ofisini na intaneti ya wasomaji navyo vimezimika. Wadukuzi walikuwa wameivamia mifumo ya kompyuta ya maktaba.

Vitabu vilikuwa palepale. Maktaba ile ina vitu takriban milioni 170, kuanzia vitabu, ramani na magazeti hadi stempu na kanda za sauti, na hakuna karatasi hata moja iliyoungua wala kuibwa usiku ule. Hata hivyo zilipita wiki 11 kabla msomaji aliye nje ya jengo hajaweza tena kuuliza swali dogo kuliko yote anayoulizwa mkutubi: kitabu fulani mnacho? Kipo wapi?

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, taasisi nyingi zikivamiwa hufunika kombe mwanaharamu apite, lakini hawa walikaa wakaandika ripoti wakaitoa hadharani tarehe 8 Machi 2024, wakieleza hata yale yanayowaaibisha. Ya pili, nadhani wengi waliokisimulia kisa hiki walikomea mlangoni. Walieleza mwizi alivyoingia wakanyamaza, ilhali ukweli mzito wa kisa uko ndani ya nyumba yenyewe, namna ilivyojengwa na kuongezwa vyumba kwa miaka mingi.

Mlango wenyewe

Tuumalize mlango haraka. Februari 2020 maktaba iliweka seva ya kuwawezesha watu wa nje, wakandarasi na washirika, pamoja na wasimamizi wake wa mifumo, kuingia kwenye mtandao wakiwa mbali. Seva hiyo ilichukua nafasi ya njia ya zamani iliyoonekana kuwa dhaifu. Mwezi uliofuata korona ikafunga ofisi, na mlango ambao ungetumiwa na wachache ukawa wa kutwa kucha.

Mwaka huohuo wa 2020 maktaba ilianza kutumia uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kuweka nenosiri kisha kuthibitisha kwa simu au kifaa kingine. Ukawekwa kwenye barua pepe na huduma kama hizo. Kwenye kuingia katika seva za ndani haukuwekwa. Ripoti inasema wazi kwamba sababu zilikuwa gharama, ugumu wa utekelezaji na miradi iliyokuwa ikiendelea. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na jina na nenosiri la mkandarasi mmoja alikuwa na ufunguo wa kutosha.

Dalili ya kwanza ya mgeni ni ya Jumatano tarehe 25 Oktoba, saa 5:29 usiku. Saa 7:15 usiku huohuo meneja wa usalama wa mifumo alipata tahadhari kwamba kuna jambo lisilo la kawaida. Wakakagua, wakapitia kumbukumbu za shughuli za mtandao, hawakuona kitu cha kuwashtua. Siku mbili baadaye, saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumamosi, data ya gigabaiti 440 ikatoka nje ya mtandao kwa mkupuo. Sisemi walizembea. Aliyewahi kupitia kumbukumbu za seva usiku wa manane anajua zinavyofanana, mstari juu ya mstari, na ubaya hauandikwi kwa wino mwekundu.

Waliochukua

Kundi lililodai kuhusika linajiita Rhysida. Hilo ni jina la jenasi ya tandu, na nembo yao ni huyo mdudu. Wamechagua vizuri: tandu hupenya penye ufa mdogo na miguu yake haihesabiki.

Namna walivyokusanya inafundisha kuliko namna walivyoingia. Kwanza walinakili folda za idara za fedha, teknolojia na rasilimali watu. Hizo zilikuwa kama asilimia 60 ya walichobeba. Pili waliendesha utafutaji wa maneno, wakisaka faili lolote lenye maneno kama pasipoti au siri kwenye jina lake. Hebu fikiria hapo: mbinu ileile tunayomfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kutafuta kwa neno kuu, ndiyo iliyotumika kuikamua maktaba. Tatu, waliteka programu za maktaba zenyewe, zile zinazotumiwa na wasimamizi kutengeneza nakala rudufu, wakaziamuru ziwatengenezee nakala za hifadhidata 22. Hawakuleta gari la kubebea. Walitumia la mwenye nyumba.

Jumla ilikuwa takriban gigabaiti 600. Wakadai fidia. Maktaba, kwa kufuata msimamo wa serikali ya Uingereza, haikulipa. Mzigo ukatangazwa mnadani kwa bei ya kuanzia ya bitcoin 20, wakati ule kama pauni 600,000, na mwishowe ukamwagwa kwenye mtandao wa giza, taarifa za watumishi na wasomaji zikiwemo. Hilo ni dhara kubwa kwa wenye taarifa hizo, na silipunguzi. Ila halikuwa ndilo lililoifunga maktaba.

Kilichoifunga ni kitu cha nne. Kabla ya kuondoka, wavamizi walifunga data kwa msimbo na kuharibu seva, ili kurejesha mifumo kuwe kugumu na nyayo zao zisionekane.

Nakala zipo, pa kuziweka hakuna

Kuna sentensi katika ripoti ile ambayo ningependa kila mkutubi wa mifumo aibandike juu ya meza yake. Kwa maneno yangu inasema hivi: nakala salama za makusanyo yote ya kidijiti tunazo, na data inayoyaelezea tunayo, lakini tumekwama kwa sababu hatuna miundombinu ya kuzirejesha juu yake.

Tumezoea kusema "nakala rudufu ipo" kana kwamba mazungumzo yameishia hapo. Data ya katalogi ni kama maji. Ukiwa nayo kwenye tangi bila bomba wala bilika, mwenye kiu atakufa akiyatazama. Mifumo mikuu ya maktaba ile haikuweza kurudishwa kama ilivyokuwa. Mingine watengenezaji wake walikuwa wameshaacha kuihudumia, mingine isingefanya kazi kwenye miundombinu mipya iliyo salama. Kuirudisha ilivyokuwa kungemaanisha pia kuurudisha ule udhaifu uliomwingiza mgeni. Kwa hiyo data ilibaki imekaa, nzima kabisa, haina pa kukaa.

Sasa angalia maana yake kwenye rafu. Katika maktaba ndogo yenye rafu wazi, katalogi ikizimika unaweza kutembea hadi sehemu ya historia ukatafuta kwa macho. British Library haiko hivyo. Jengo la St Pancras, London, lina ghala lililochimbwa ardhini, msomaji haingii, na vitabu humo havikupangwa kwa ajili ya mtu anayetembea akivinjari. Inayojua kitabu kilipo ni rekodi yake.

Huko Boston Spa, Yorkshire, ndiko mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kuna ghala la huko lililofunguliwa mwaka 2009 ambalo huendeshwa na kreni za kompyuta. Hewa yake imepunguzwa oksijeni ili moto usiweze kuwaka, na makasha hayapangwi kwa mada wala kwa mwandishi. Kasha hukaa popote palipo nafasi, na mahali hapo panajulikana na hifadhidata peke yake. Ni ubunifu wa kupendeza. Unaokoa nafasi, unaokoa watu, unalinda karatasi. Lakini ukizima hifadhidata, umebaki na sanduku kubwa mno, lenye mamilioni ya vitu na bila hata herufi moja ya kukuelekeza. Si ajabu kwamba vilivyokaa Boston Spa vilichelewa sana kumfikia msomaji kuliko vya London.

Vyumba vya kusomea vilibaki wazi muda wote huo. Watu walikuja na kompyuta zao, wakakaa, wakafanya kazi na vile vilivyoweza kufikiwa, wakijaza karatasi za kuombea kitabu kama enzi za babu zao. Wakutubi wazee, wale wanaojua "ramani za karne ya 17 ziko upande ule", ghafla wakawa lulu. Jambo hilo halimo kwenye mchoro wowote wa mfumo.

Tarehe 15 Januari 2024 katalogi kuu, yenye rekodi milioni 36, ilirudi mtandaoni. Ilirudi nusu: wakati ule uliweza kutafuta, lakini hukuweza kubonyeza ukaagiza. Uliandika namba ya rafu kwenye karatasi, ukaenda dirishani, na mtu akachukua karatasi yako kuanza safari. Malipo ya waandishi wa Uingereza, wanaopata senti zao kila kitabu chao kinapoazimwa kwenye maktaba za umma, nayo yalichelewa, kwa sababu mpango huo nao unaendeshwa na taasisi ileile. Na hifadhi ya tasnifu za uzamivu iitwayo EThOS ikawa haipatikani. Hilo liliwagusa hata watu wa huku. Wasomi wengi wa Afrika Mashariki walisomea Uingereza, na kazi zao kuhusu nchi zetu watu walizoea kuzipata kwa njia hiyo.

Nyumba ya viraka

Kwa nini uvamizi wa siku tatu uzae ukarabati uliopangiwa miezi 18? Hapa ndipo mimi naona kiini cha kisa.

Ripoti inasema mtandao wa maktaba ulikuwa na muundo tata uliotokana na historia yake, na kwamba utata huo uliwapa wavamizi nafasi ya kufika mbali zaidi ya ambavyo wangefika kwenye mtandao uliogawanywa vizuri. Lakini kuna jambo jingine wanalolitaja, ambalo wasomaji wengi walilipita. Mifumo ya kale haikuwa ikizungumza yenyewe kwa yenyewe. Ili data itoke mfumo A iende mfumo B, mtumishi aliitoa kwa mkono, akaibadilisha umbo, akaipakia upande wa pili. Kila mzunguko kama huo huacha faili njiani. Orodha ya wasomaji kwenye folda ya pamoja, jedwali la malipo kwenye folda ya idara, na jingine lililopewa jina lenye neno siri ili wenzake wasilifungue. Fanya hivyo kwa miaka kumi na tano na mtandao wako umejaa nakala za taarifa za watu ambazo hakuna anayezikumbuka, isipokuwa programu ya mwizi inayotafuta kwa neno kuu.

Kwa hiyo mifumo ya zamani iliumiza mara tatu: ilirahisisha kutembea ndani, ilitapakaza taarifa za kuibwa, kisha ikakataa kurudi ilipobomolewa. Uthibitishaji wa hatua mbili ungeweza kumzuia mgeni yule usiku ule. Usingeweza kulitibu hilo la pili wala la tatu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaokifupisha kisa hiki kuwa "walisahau kuweka hatua mbili".

Kwa haki, kuna upande uliosimama. Mifumo iliyokuwa imehamishiwa kwenye kompyuta za wingu, yaani za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, ukiwemo wa fedha na mishahara, iliendelea kufanya kazi bila kuguswa. Watumishi walilipwa. Wengine wamechukua hilo kuwa ushahidi kwamba kila kitu kihamie wingu kesho asubuhi. Maktaba yenyewe imeona kuwa kuhamia huko kunaondoa hatari za aina moja na kuleta nyingine, na kwetu sisi ambao nyaya za baharini zikikatika nchi nzima inakaa kimya, ningeongeza ya tatu.

Gazeti la Financial Times liliripoti kwamba ukarabati ungegharimu pauni milioni 6 hadi 7, kama asilimia 40 ya akiba ya maktaba. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini fedha hizo hazikutumika mapema kubadilisha mifumo. Jibu lake analijua kila aliyewahi kuandika bajeti ya maktaba. Ukiomba fedha ya kununua vitabu, waziri anakuja kupigwa picha. Ukiomba fedha ya kuondoa seva ambayo bado inawaka, unaulizwa imeharibika nini.

Hati za Riyadha

Kuna uzi mmoja wa kisa hiki unaofika hadi pwani yetu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule unaojaza mji kila mwaka wakati wa Maulidi, una hazina ya hati za kale zilizoandikwa kwa mkono, nyingi kwa Kiarabu. Hati hizo zilipigwa picha za kidijiti chini ya programu ya British Library ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini, iliyoanza mwaka 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Kanuni ya programu hiyo ni nzuri: hati zenyewe haziondoki kwa wenyewe, nakala moja ya picha hubaki nchini, nyingine huwekwa London na kufunguliwa kwa yeyote mtandaoni.

Hoja ya kuwashawishi wenye hati ni kwamba karatasi hufa. Mchwa, chumvi ya bahari, mvua ya paa linalovuja, moto. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini Novemba 2023 tovuti ya programu ile nayo ilikuwa imezimika. Msomaji aliyekuwa Dar es Salaam au Nairobi akitaka kuziona hati za Lamu kupitia London hakuwa na njia, ilhali Lamu kwenyewe mtu angeweza kufungua kabati akasoma.

Sisemi hivyo kuubeza udijiti. Picha zenyewe ni miongoni mwa zile nakala zilizosalimika, na paa likivuja Lamu leo tutaishukuru London. Nachouliza ni habari ya ile nakala iliyobaki nchini, kwa mradi huu na kwa mingine mingi ya aina yake. Je, ni diski tu, yenye maelfu ya picha zenye majina ya namba, au imeambatana na maelezo ya kila hati kwa namna inayofunguka bila kupitia London? Picha bila maelezo ni Boston Spa nyingine, ndogo, ndani ya droo.

Jaribio la kompyuta mpakato

Baada ya kuisoma ripoti nilirudi kuitazama kazi yangu. Maktaba ya chuo niliyokuwa nikiisaidia, ambayo sitaitaja, inatumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, kama zilivyo maktaba nyingi za ukanda huu. Koha ikisakinishwa kwa njia ya kawaida kwenye Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, hujiandikia nakala rudufu kila siku. Kila nikiulizwa nilikuwa najibu kwa kujiamini kwamba nakala zipo. Na kweli zilikuwepo, kwenye folda ya /var/spool/koha, yaani ndani ya mashine ileile. Mwizi akibeba mashine, amebeba na nakala. Radi ikipiga, imepiga zote mbili.

Nikanakili faili la siku hiyo kwenye diski ya nje, nikaomba kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa stoo, nikajipa mwishoni mwa wiki kuirudisha katalogi kuanzia sifuri, bila kugusa seva inayofanya kazi. Jumamosi nzima iliishia kwenye kutafuta toleo la Koha linalolingana na la seva, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliandika popote. Mpangilio wa stika za barukodi aliujua mtu mmoja, naye alikuwa amestaafu. Nilimpigia. Alinielekeza kwa simu huku nikisikia kuku wake kwa nyuma.

Jumapili jioni hifadhidata ikapanda bila kosa lolote. Nikahesabu rekodi, zote zimo. Nikafungua ukurasa wa kutafutia, nikaandika "Kiswahili", nikabonyeza.

Hakuna matokeo.

Nikaandika "historia". Hakuna matokeo. Nilikaa dakika kadhaa nikiitazama skrini kabla sijakumbuka kwamba utafutaji wa Koha yetu hausomi hifadhidata moja kwa moja. Husoma faharasa inayojengwa pembeni na programu nyingine iitwayo Zebra, na faharasa hiyo haikuwemo kwenye faili nililonakili. Sharti uijenge upya kwa amri yake. Nikatoa amri, nikaenda kunywa chai.